Kinu cha Mama Ushuhuda

"Susu, kama Mungu ni mwaminifu, mbona sisi tunakula tumejificha?"

Swali hilo liliulizwa nyuma ya ghala, jua likiwa bado juu, na mtoto aliyekuwa amekalia beseni lililopinduliwa, sufuria ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, katikati ya miguu yake. Aliyeulizwa alikuwa bibi yake, Mbinya, maana huko Kola, Ukambani, wajukuu humwita bibi susu. Mbinya alichungulia upande wa njia, akarudi, akasema tu, "Kula kabla haijapoa." Mtoto akala. Mtoto huyo ni Mumbua, na ndiye anayeandika haya, lakini hadithi si yake. Hadithi ni ya susu yake, na kinu chake, na neno alilolisema kanisani Jumapili moja ambayo mvua ilikuwa imenyesha vizuri.

Mbinya alibaki mjane wakati Wavinya, binti yake wa pekee, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Marehemu Maundu alimwachia shamba la matuta kwenye mteremko, nyumba isiyokuwa na mlango wa jikoni, na ndugu zake waliokuwa wakipita kila mara kuangalia kama ameshachoka arudi kwao. Hakuchoka. Alilima mwenyewe, akamsomesha binti yake mwenyewe, na kila alipovuka jambo gumu alisimama kanisani akalisimulia. Alisimulia juu ya ng'ombe aliyepotea akarudi nyumbani peke yake siku ya mfungo. Alisimulia jinsi mlango wa jikoni ulivyopatikana, na watu wakacheka mpaka wakalia. Alikuwa na kipaji. Alijua mahali pa kunyamaza kidogo, alijua kuigiza sauti ya shemeji yake, na akianza tu, watoto wa viti vya mbele waliacha kufinyana. Ndiyo maana wakampa jina la Mama Ushuhuda.

Hata vijana wa bodaboda pale njia panda walimjua kwa jina hilo. Akipita na kiondo chake wangemwita, "Mama Ushuhuda, leo Mungu amefanya nini?" Naye, bila kusimama, angewajibu, "Ameniamsha. Nyinyi naona bado mmelala."

Lakini kulikuwa na neno moja ambalo Mama Ushuhuda hakupenda kulitia mdomoni, nalo ni mwolyo. Mwolyo ni chakula cha msaada, kile kinacholetwa na lori wakati wa njaa, watu wakapanga foleni na magunia yao. Kwa Wakamba wengi ni neno kama neno lingine. Kwa Mbinya lilikuwa tusi. Alipokuwa msichana njaa kubwa ilipita, mama yake akampeleka foleni, wakarudi na mahindi ya njano. Kule shuleni wasichana ambao baba zao walikuwa na kazi mjini walimtaka afungue mdomo waone kama meno nayo yameanza kugeuka njano. Akafunga mdomo. Mpaka leo Mbinya akicheka huziba mdomo kwa kiganja, na watu wasiomjua hudhani ni heshima.

Sasa, huko kwao watu hupanda kavu. Mwezi wa kumi, kabla tone la maji halijaanguka, wanatia mbegu kwenye udongo uliokauka kama unga, wanafukia, wanaangalia mawingu. Mvua ya kwanza ikija inazikuta mbegu tayari chini. Mgeni akiona anaweza kudhani watu wamerukwa na akili, lakini anayengoja udongo ulowe kwanza huwa amechelewa. Mwaka ule misimu iliyotangulia ilikuwa imekosa mvua mmoja baada ya mwingine, na wengi walipanda kidogo, wakaficha mbegu nyingine kwenye debe. Mbinya alipanda zote. Mumbua, ambaye mama yake Wavinya alikuwa amemwacha kwa susu ili yeye akauze matunda kando ya barabara pale Kyumbi, alimfuata nyuma kwenye mistari akifukia kwa mguu.

Na mvua ikaja. Ilinyesha mpaka matuta yakashika maji, na baada ya siku chache shamba lote likawa na mistari ya kijani. Jumapili iliyofuata katibu wa kanisa alisoma matangazo, na la mwisho likawa kwamba Mzee Musili, mzee wa kijiji, anaandika majina ya nyumba zinazohitaji mwolyo, maana hata mvua ikinyesha leo, mahindi hayaliwi kesho. Kanisa likatulia ile namna ya watu wasiotaka kutazamana. Hapo Mbinya akainua mkono.

"Bwana asifiwe," alisema, na watu wakaitikia kwa furaha, maana walijua kinachokuja. Akasimulia jinsi alivyopanda kavu, mbegu zote, bila kubakisha hata ya kutia mfukoni. Akasimulia jinsi alivyosikia tone la kwanza kwenye bati akadhani ni panya. Watu wakacheka. Kisha, kwa sababu walikuwa wanacheka, na kwa sababu moyo wake ulikuwa umejaa, akaongeza, "Wanaoandikwa waandikwe. Lakini nyumba yangu mimi haitaonja mwolyo. Mungu wangu si wa mwolyo."

Amina zilipaa mpaka kwenye mabati. Ngoma ikapigwa bila kuamriwa. Pasta Erastus alivua miwani akafuta macho. Nzisa, jirani ya Mbinya kutoka ng'ambo ya bonde, rafiki yake tangu wote wawili walipokuja huko wakiwa maharusi, alipiga makofi kidogo, kisha akainama akaanza kumfunga kamba za kiatu mtoto ambaye hakuwa wake.

Mvua ile haikurudi. Mahindi yalifika magotini, yakajikunja majani kama mtu anayesikia baridi, yakasimama hivyo. Kila asubuhi Mbinya alizunguka shamba akiomba kwa sauti, tuta baada ya tuta, na Mumbua akamwona akigusa majani kwa kiganja kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso. Mahindi yakawa rangi ya karatasi. Ng'ombe akauzwa. Mzee Musili alipita akasimama kwenye ua, kofia mkononi, akauliza kwa upole kama amwandike. Mbinya akamjibu kwa sauti ya kutosha kusikika njiani kwamba nafasi yake ampe mwenye shida.

"Sawa, Mama Wavinya," alisema Musili, akaenda zake. Hakuonekana kuamini.

Kisha ghala likaisha. Mbinya alifagia sakafu yake, akachekecha vumbi, akapata viganja vichache vya mahindi, na hayo nayo yakaliwa. Mtu angedhani alichoogopa hapo ni njaa. Njaa alikuwa anaijua. Alichoogopa ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima akasema neno kwa jina la Mungu, na watu wakijua ghala lake liko tupu watasema mojawapo ya mambo mawili: ama Mbinya ni mwongo, ama Mungu wake amemwangusha. La kwanza lilimuuma. La pili hakuweza hata kulifikiria mpaka mwisho. Ilibidi amlinde Mungu. Na njia ya kumlinda aliipata kwenye kinu.

Huko, nyumba hujulikana kwa kinu chake. Siku hizi wengi hukobolea mahindi kwenye mashine, lakini kwenye mteremko ule, mbali na mashine, akina mama bado wanatwanga muthokoi wao wenyewe, na mlio wa mchi unavuka bonde. Nyumba ambayo kinu chake kinalia kabla ya saa sita ni nyumba inayokula. Basi Mbinya alikusanya makapi ya zamani yaliyokuwa yametupwa nyuma ya banda la kuku, akayamimina kinuni, akashika mchi, akatwanga. Na kwa kuwa kutwanga bila wimbo kungeshangaza watu, akaimba.

Siku ya kwanza Mumbua alisikia mlio huo akiwa anacheza, akakimbia nyumbani, akaosha sahani mbili, akazipanga mezani. Mbinya alipoingia alizitazama, akazichukua, akazirudisha kwenye rafu kwa mikono yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichokuwa ameiba. Walikunywa uji mwepesi wa unga ambao Wavinya alikuwa amempa mtu aulete kutoka Kyumbi. Kesho yake kinu kililia tena. Mumbua hakuosha sahani.

Kuna jambo hapa ambalo Mbinya alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, ila alijifanya kulisahau. Mahindi ya muthokoi hunyunyiziwa maji kwanza, ndipo yatwangwe yatoke ganda. Kinu kikiwa na mahindi hayo, mlio wake ni mzito, wa chini, kama ngumi inayopiga gunia. Makapi hayana uzito huo. Mchi unapita katikati yake na kugonga mbao, na sauti inayotoka ni kavu, ya juu, inayopaa. Hakuna mwanamke aliyekulia kule asiyeweza kutofautisha sauti hizo mbili hata akiwa kitandani anaumwa. Lakini mtu anayeficha kitu husahau kwamba na wenzake wana masikio.

Siku moja Mwalimu Kasyoki alimleta Mumbua nyumbani mchana, amemshika mkono. Alisema mtoto ameanguka akiwa kwenye paredi ya shule. Akauliza, bila ukali wowote, "Mama, huyu mtoto anakula nini?"

"Anakula vizuri," alisema Mbinya. "Ni malaria tu."

Mumbua akainua macho akamtazama susu yake. Hakuwa na hasira, hakulia. Alimtazama tu jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima anapomsikia kwa mara ya kwanza akisema uongo, kama anayejaribu kuona umetokea sehemu gani ya uso. Mwalimu aliondoka. Mbinya akamlaza mtoto, akajifunga leso, akaenda kwa Mzee Musili kwa njia ya chini, ile isiyopita karibu na kanisa.

Alisimama langoni mpaka mzee mwenyewe akamwona. Alikuwa amepanga maneno njiani lakini yote yakamtoka. Akasema tu, "Mzee, niko na shida," na kabla hajaendelea Musili akamwambia kwamba ile nafasi yake hakuwahi kumpa mtu. Ilikuwa inamngoja. Lori lilikuja juzi, na fungu lake liko hapo ndani.

Mbinya alipaswa kushukuru. Badala yake alimwomba amletee limefunikwa. Musili akacheka, akidhani ni mzaha wa Mama Ushuhuda, halafu akamwona uso, akaacha kucheka. Alilileta kesho yake kwa wilbaro, chini ya mabua makavu ya mahindi. Watu walimwuliza njiani anampelekea nani malisho hayo, akawaambia ni ya ng'ombe wa Mama Wavinya. Wakatikisa vichwa kwa heshima wakampisha, ingawa hakuna aliyekuwa hajui kwamba ng'ombe huyo ameshauzwa.

Mbinya aligeuza gunia ndani nje ili maandishi ya msaada yasionekane. Akanyunyizia mahindi maji, akatwanga, akaimba wimbo uleule wa kila siku, akaridhika kwamba hakuna kitakachobadilika machoni pa watu. Akapika muthokoi na maharagwe, na harufu ilipoanza kutoka akaogopa hata harufu, akambebea mtoto sufuria nyuma ya ghala. Ndipo Mumbua alipouliza swali lake. Mumbua alikula mpaka akashiba. Mbinya alitafuna kijiko kimoja, akafunika sufuria.

Jumapili ile Pasta Erastus, mtu mwema asiyejua lolote kuhusu milio ya vinu kwa kuwa alizaliwa mjini Machakos na mama yake alikuwa akinunua unga dukani, alitazama kanisa lake lililokonda akaona linahitaji kutiwa moyo. Akasema, "Mama yetu yuko hapa. Mama Mbinya, hebu njoo ututie nguvu."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema koo linauma. Alisimama kwa sababu miguu yake ilikuwa imezoea kusimama. Alishika maikrofoni akasema Bwana asifiwe, na katika kutafuta jambo la kusema ambalo lisiwe uongo kabisa, akasema, "Tangu kiangazi hiki kianze, kinu changu hakijanyamaza hata siku moja."

Wanaume wakasema amina. Ilikuwa amina nyembamba, ya upande mmoja wa kanisa, maana upande wa akina mama haukusema kitu. Mbinya akawatazama. Walikuwa wameinamisha macho, wote, kwenye viatu, kwenye mapaja, kwenye vitambaa vya watoto. Mmoja alikohoa. Hakukuwa na dharau kwenye nyuso zao. Walifanya kama vile watu hufanya wanapomwona mama wa watu akipita na zipu ya gauni imefunguka mgongoni, na hakuna anayejua amwambie vipi. Mbinya alielewa papo hapo. Walijua. Hawakujua tangu leo wala jana, walijua tangu kile kipigo cha kwanza cha mchi juu ya makapi, na siku zote hizo walimwacha aimbe.

Alirudisha maikrofoni. Njia ya kurudi kwenye kiti chake ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwenda mtoni.

Hakwenda kanisani tena. Kwanza kisingizio kilikuwa mguu, halafu kikawa mgongo. Kinu kilinyamaza kweli. Mahindi ya mwolyo aliyachemsha mazima, na ganda lake. Pasta Erastus alipokuja kumtembelea, Mbinya alimwona akiwa bado mbali, akaingia chumbani, akamwagiza Mumbua aseme ameenda Kyumbi kwa binti yake. Mumbua akaenda mlangoni akasema kwa adabu, "Pasta, susu amesema yuko Kyumbi." Pasta akafikiri kidogo. Kisha akasimama palepale mlangoni akamwombea Mama Mbinya huko aliko Kyumbi, kwa sauti kubwa sana, akaondoka. Chumbani Mbinya aliziba mdomo, na Mumbua hakuweza kujua kama anacheka au analia.

Aliyemtoa ndani alikuwa Nzisa. Alikuja mchana mmoja na beseni la mahindi kichwani na mchi wake begani, akasema kinu chake kimepasuka na anaomba kutumia hiki. Hakungoja kukubaliwa. Alimimina mahindi, akayanyunyizia maji, akaanza, na Mbinya, kwa kuwa ni aibu kumwacha mgeni atwange peke yake kwako, akachukua mchi wake akaingia kwenye zamu. Wakatwanga hivyo, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, kama walivyokuwa wakifanya ujana wao. Walipofika katikati Nzisa akasimamisha wake.

"Mama Wavinya, kwani kwa nini ulikuwa unatwanga upepo?"

Mbinya alishika mchi kwa mikono miwili. "Ulisikia?"

"Haya masikio si ya kuazima. Bonde lote lilisikia. Siku ya kwanza tu nilimwambia mume wangu Mutuku, yule mama ameishiwa. Nikangoja uniite. Ukanyamaza, ukaimba." Akafuta jasho kwa upindo wa leso. "Halafu ile siku mlio ulipobadilika nilikuwa nafua. Nikaacha nguo. Nikasema asante Mungu, leo wamekula."

Mbinya hakulitegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Kwamba kulikuwa na mtu ng'ambo ya bonde anayemshukuru Mungu kwa ule mwolyo, wakati yeye mwenyewe alikuwa anamficha Mungu huyohuyo asionekane nao, hilo hakuwa amejiandaa kulisikia. Akauliza kwa sauti ndogo mbona hakumwambia.

"Ningekuambia ukiwa wapi? Wewe ulikuwa juu," alisema Nzisa, na sasa hakukuwa na mzaha tena. "Ile Jumapili yako, mimi nilikuwa nimeshampa Mzee Musili jina langu asubuhi. Ukasema Mungu wako si wa mwolyo. Nikarudi nyumbani nikijiuliza, na huyu wangu mimi ni wa nani?"

Aibu aliyokuwa akiijua Mbinya tangu utotoni ilikuwa ya kuonekana: foleni, meno, gunia lililogeuzwa. Hii ilikuwa nyingine. Alikumbuka kanisa lilivyotulia baada ya lile tangazo, akaelewa kwamba nusu ya waliokuwa kimya walikuwa wameshaandikwa, na kwamba yeye alisimama juu ya ukimya wao kama mtu anayesimama kwenye kiti ili aonekane. Wale wasichana wa shuleni walimtaka yeye mmoja afungue mdomo. Yeye alikuwa amewafungua wengi, tena ndani ya nyumba ya Mungu, tena wakapigiwa ngoma. Akakaa chini, juu ya makapi.

Nzisa hakumbembeleza. Alimtazama, akachukua ungo, akasema, "Haya, pepeta. Yatakauka."

Alipoondoka aliacha nusu ya mahindi yale, akisema beseni limekuwa zito. Na kabla jua halijashuka Mumbua alisikia kinu cha Nzisa kikilia ng'ambo ya bonde, kizima kabisa.

Lori lilipokuja tena Mbinya alienda mwenyewe. Alibeba gunia lile, maandishi yakiwa nje, akasimama foleni nyuma ya Nzisa, macho chini. Ilikuwa foleni ndefu iliyopita palepale njia panda, na haikuchukua muda kijana mmoja wa bodaboda akamwona, akashindwa kujizuia.

"Mama Ushuhuda! Hata wewe? Sasa leo Mungu amefanya nini?"

Watu wakageuka. Mbinya, Mumbua akiwa ameshika upindo wa gauni lake, aliinua macho.

"Ameleta mwolyo," alisema Mbinya.

Nzisa ndiye aliyeanza kucheka, halafu wengine, halafu yule kijana mwenyewe, aliyeshuka kwenye pikipiki akamsaidia kubeba.

Si kwamba yaliisha hapo. Jumapili ile alirudi kanisani akakaa nyuma, na baada ya ibada aliwafuata akina mama mmoja mmoja pale nje akawaomba radhi kwa neno alilolisema. Wengi walimshika mikono wakamwambia ameshasamehewa. Kavata, mama wa watoto wengi, alimwambia ukweli: "Mimi lile lilinikaa. Nitajaribu." Mbinya akakubali hilo pia. Hajawahi kushika maikrofoni tangu siku hiyo. Pasta akiuliza nani ana ushuhuda, yeye huinama akaanza kumfunga mtoto wa mtu kamba za kiatu.

Mvua zilirudi baadaye, za wastani, na ghala likapata kitu. Wavinya bado yuko Kyumbi na matunda yake. Mumbua sasa yuko gredi ya tisa, ana mchi wake mwenyewe, na Jumamosi hutwanga zamu na susu yake. Mahindi ni ya shambani, yaliyopandwa kavu, na Mbinya bado hupanda mbegu zote. Mumbua aliwahi kumwuliza kama haogopi, akasema anaogopa sana, lakini atazipanda wapi kwingine.

Lile swali la nyuma ya ghala Mumbua alikuwa ameshalisahau. Susu yake hakuwa amelisahau. Jumamosi iliyopita, katikati ya kutwanga, bila kuulizwa, alisimamisha mchi akaegemeza kidevu juu yake.

"Uliniuliza mbona tunakula tumejificha," alisema. "Mimi nilikuwa nimewaahidi watu kwa jina la Mungu kitu ambacho yeye mwenyewe hakuahidi. Alikuwa amesema atatulisha. Hakusema na nini. Sasa akaja, amebeba gunia la mwolyo mgongoni, nami nikaona haya watu wamwone akiingia kwangu hivyo. Nikampitisha nyuma."